Tochi, kamera ya nguzo au tuta: kijiji chenu kiombe kipi?

Lami mpya ikifika kijijini, la kwanza kubadilika ni mwendo. Njia yenye mashimo humpunguza kila mtu, mwenye Vespa na mwenye basi la watalii, bila ya kumuuliza leseni. Mashimo yakishazibwa, kazi ile inabaki haina mwenyewe, na ndipo kamati ya skuli inapomfuata sheha kutaka jambo lifanywe. Jambo gani? Hapo watu wanagawana. Wapo wanaotaka trafiki mwenye tochi, kile chombo cha mkononi cha kupimia mwendo wa gari. Wapo wanaotaka kamera ya kudumu juu ya nguzo, ikae usiku na mchana. Na wapo, hawa naona ndio wengi, wanaotaka tuta, tena kesho.

Nimevipima vyote vitatu kwa njia zetu za Unguja na Pemba. Tochi nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa zaidi: askari anajificha, anachagua gari, anakaa pasipo na hatari yoyote. Baadhi ya malalamiko hayo ni ya haki. Mengine ni ya dereva aliyekamatwa.

Mahali kabla ya chombo

Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kiasi cha sekunde moja na nusu mpaka mguu ufike kwenye breki, kwa hiyo mita 21 zimeshakwenda kabla gari haijaanza kupungua. Kisha, juu ya lami kavu, zinakwenda nyengine 14 hivi. Jumla mita 35. Kwa mwendo wa 80 jumla inakaribia mita 70, na mvua ya masika ikinyesha ongeza. Mtoto anayechupa kutoka nyuma ya daladala iliyosimama kituoni hakuachii mita 70. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima akigongwa na gari ya mwendo wa 50, uwezekano wa kufa uko chini ya asilimia 20. Kwa mwendo wa 80 unafika karibu asilimia 60.

Na dereva anapata nini? Kijiji chenye urefu wa kilomita moja hupitwa kwa sekunde 72 ukienda 50, na kwa sekunde 45 ukienda 80. Tofauti ni sekunde 27, ambazo utazimaliza mbele ya safari ukisubiri gari la ng'ombe lipinde.

Kwa hiyo kabla ya kubishana tochi au tuta, muulizane: wapi hasa, na saa ngapi? Mlango wa skuli saa sita na nusu mchana, mkondo wa asubuhi unapotoka na wa mchana unapoingia, haufanani na mlango huo huo saa nne usiku. Robo saa kabla ya magharibi katika mwezi wa Ramadhani, kila mtu anaiwahi futari, njia iliyokuwa pole mchana kutwa hugeuka. Mkesha wa Sikukuu vivyo hivyo. Na njia za hoteli za mashariki zina saa zao, zinazofuata ndege, si jua.

Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuwa na kanuni ya kuhesabu. Kamera ya kudumu ilitakiwa kuwekwa palipotokea ajali nne au zaidi za kuua au kujeruhi vibaya kwa kilomita ndani ya miaka mitatu. Kwa kamera ya kuhamishwa zilitosha mbili. Sisi hatuna haja ya kuiga idadi yao, ila ile miaka mitatu naipenda. Ajali za kuua mahali pamoja ni chache na huja kwa mafungu. Kona iliyoua mara mbili mwaka huu huenda isiue mwakani hata msipofanya lolote, kisha akatokea mtu akadai ni tuta lake lililofanya kazi. Daftari la sheha, kumbukumbu za kituo cha afya na za polisi zikiwekwa pamoja kwa miaka mitatu, zinasema kweli kuliko hasira za wiki ya msiba.

Tochi: haki yake iko kwenye kivuli

Tochi ziko za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kwa anayetaka haki. Ya rada hutupa mawimbi ya redio na kusoma namna yanavyobadilika yakirudi kutoka kwenye gari inayosogea. Mwale wake ni mpana: wenye pembe ya nyuzi 12 huwa umetanuka zaidi ya mita 60 ukifika mita 300 mbali. Ndani ya upana huo yumo kila aliyeko njiani, na chombo aghalabu husikia zaidi kile kinachorudisha mawimbi kwa nguvu, yaani basi kuliko Vespa. Ya leza hupiga mapigo ya mwanga usioonekana na kupima muda yanaotumia kwenda na kurudi. Kwa umbali ule ule wa mita 300 mwale wake una upana wa mita moja hivi, na askari huulenga kwenye sahani ya namba ya gari moja tu. Rada basi yafaa njia tupu, kama ile ya kutoka Kitogani kwenda Paje alfajiri. Pale Mwanakwerekwe au Bububu, magari yameshonana, ni leza yenye picha au bora wasije kabisa. Dereva anayeonyeshwa namba bila ya picha, na nyuma yake kulikuwa na gari nne, ana haki ya kuuliza namba hiyo ni ya nani.

Lalamiko jengine ni lile la "kanipiga kwa ubavu, ndiyo maana imezidi". Hesabu inasema kinyume. Chombo husoma mwendo unaoelekea kwake, kwa hiyo kadiri askari anavyokaa mbali na mstari wa njia ndivyo namba inavyoshuka. Kwa pembe ya nyuzi 10, gari ya 80 husomeka kama 79. Kwa nyuzi 30 husomeka 69. Aliyekaa pembeni chini ya mwembe anampunguzia dereva, na dereva hajui.

Dhambi ya mwembe ni nyengine. Jua la saa saba halina huruma na trafiki ni mtu kama sisi. Atatafuta kivuli, atatafuta pa kuegesha pikipiki, atatafuta njia iliyonyooka ili amwone anayekuja. Penye vitu vitatu hivyo mara nyingi ni katikati ya mashamba, hapana skuli, hapana soko, hapana kivuko cha watu. Lami imenyooka, dereva mwenyewe kajiachia, namba zinaingia kwa urahisi. Halafu mlango wa skuli, ulio penye kona na hauna hata mpera wa kukaa chini yake, unabaki bila mtu. Madereva wakisema tochi ya namna hiyo ni ya kukusanya pesa, mimi siwalaumu.

Queensland, Australia, walitafuta dawa ya jambo hili. Vipande vya njia na saa za kwenda vilipangwa kwa kura, askari akapewa pa kwenda, asijichagulie. Kisiwa chenye njia kuu za kuhesabika hakihitaji kompyuta kwa hilo. Daftari na kalamu vinatosha. Ila nami naongeza sharti: vipande vinavyoingia kwenye kura viwe vile vilivyotoka kwenye hesabu ya miaka mitatu, na mlango wa skuli uingizwe mara nyingi zaidi kuliko njia ya mashambani. Na kama mahali hapana kivuli, wajengewe banda. Mabati machache na miti minne yatamleta askari panapohitajika haraka kuliko barua kumi.

Ajifiche au aonekane? Ulimwengu umegawika. Uingereza waliamua kamera zao zipakwe rangi ya manjano zionekane kwa mbali. Jimbo la Victoria, Australia, limetumia kwa miaka mingi kamera ndani ya gari zisizo na alama. Kila njia ina hoja yake: ya kuonekana hupunguza mwendo pale ilipo, na ya kujificha hukusudia dereva aogope popote, lakini ili aogope lazima tochi ziwe nyingi na watu wazione zinakamata kweli. Kwetu siri yenyewe haidumu. Gari ya kwanza ikipigwa tochi Jumbi, wanaokuja wameshamulikiwa taa, na kabla ya robo saa makundi ya WhatsApp ya madereva yanajua mpaka Makunduchi. Faida ya kujificha imekwisha hapo. Kinachobaki ni chuki baina ya askari na watu. Mimi nachagua askari anayeonekana, koti lake linang'ara, siku yake haijulikani. Na yule anayewamulikia taa wenzake mwacheni. Gari zimepungua mwendo, na hicho ndicho tulichokitaka, isipokuwa kama tulitaka faini.

Kuna mambo mawili ambayo mtu akiyakosa, tochi hugeuka mtego hata ikiwa mahali pazuri. Moja ni kibao. Kibao cha 50 kiwepo, kisizibwe na majani, kiwe mbele ya kutosha ili dereva apungue bila ya kukanyaga breki kwa kishindo, na kijiji kikiisha pawe na kibao cha kumwachia. Anayekamatwa mita ishirini baada ya kibao alikuwa akipunguza. La pili ni pa kusimamisha gari. Daladala yenye watu ishirini ikisimamishwa juu ya lami penye kona, ile hatari tuliyokuja kuiondoa tumeileta wenyewe. Pasipo na ukingo mpana wa kutoka njiani, tochi isikae, hata kama ajali zilitokea hapo hapo; isogee mita mia mbili.

Nini tochi inacho na wenzake hawana? Inakutana na mtu. Askari anamwona dereva, anaona leseni, anasikia harufu ya pombe, anahesabu abiria. Boda asiye na namba, ambaye kamera ya nguzo itampiga picha ya mgongo tu, tochi inaweza kumsimamisha. Mtalii aliyekodi gari ataondoka Jumamosi. Barua ya faini ikimfikia mwenye gari baada ya wiki mbili, aliyeendesha yuko Ulaya. Akisimamishwa njiani, analipa yeye. Lakini huko huko kukutana na mtu ndiko kunakozaa uchaguzi. Penye mkono wa mtu pana kujuana, pana "huyu mwache", pana gari ya mkubwa isiyoonekana. Dawa ninayoijua ni picha yenye saa, mahali na namba, inayohifadhiwa kwa kila gari iliyopimwa ikazidi, si kwa iliyosimamishwa tu. Hapo aliyeachwa naye anabaki na ushahidi.

Kamera ya nguzo haijui mkubwa

Hili ndilo zuri lake kuu, na sitalipunguza. Nguzo haina mjomba. Haichoki, haiendi kula, haipiti pembeni kuzungumza. Uchambuzi wa 2010 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa mambo ya afya, uliokusanya tafiti 35 za kamera za kudumu na za kuhamishwa, uliona ajali karibu na kamera zimepungua baina ya asilimia 8 na 49, na za kuua na kujeruhi vibaya baina ya 11 na 44. Upana wa namba hizo wenyewe unaonyesha kuwa kununua kamera hakumalizi kazi.

Kwa kijiji cha shamba, mimi siioni. Kamera inasoma sahani, haisomi uso, na kwetu gari nyingi za abiria zinaendeshwa na asiye mwenyewe. Dereva anapeleka hesabu kila jioni. Faini inakwenda kwa tajiri, tajiri anaikata kwa dereva bila ya dereva kuona picha wala kupewa nafasi ya kujitetea. Chumvi ya bahari hula vyuma na viungo vya umeme. Umeme wenyewe tunauletewa kwa waya uliopita chini ya bahari, Unguja kutoka upande wa Dar es Salaam na Pemba kutoka Tanga tangu 2010, kwa hiyo kamera ya kijijini bora iwe na paneli yake ya jua na betri. Na dereva wa kila siku huijua nguzo kwa wiki moja: anakanyaga breki mita hamsini kabla, anakanyaga mafuta mita hamsini baada.

Wako watakaosema basi tuweke mbili, mwanzo na mwisho, zipime wastani wa safari baina yake. Ulaya zinafanya kazi vizuri. Kwetu jiulizeni daladala inakwendaje: inasimama, inashusha ndoo za samaki, inapandisha mwalimu, inasimama tena. Inaweza kukimbia 90 baina ya vituo na wastani wake ukatoka 45, msafi kabisa. Anayenaswa ni mwenye gari ndogo aliyekwenda 60 bila kusimama. Kamera ya namna hiyo ingependelea gari yenye hatari zaidi kwa watembea kwa miguu wa kwetu.

Mjini ni habari nyengine. Kuna taa, kuna mtandao, kuna njia pana kama ile ya kwenda uwanja wa ndege, na magari ni mengi mno kwa askari mmoja. Hapo nguzo inafaa.

Tuta halilali

Mfano tunao wenyewe. Njia ya msitu wa Jozani, Unguja, inapita katikati ya makaazi ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Kabla ya matuta, ilikisiwa kima mmoja anauliwa na gari kila wiki mbili au tatu. Tafiti zilizofuata zilipata kiasi cha mmoja kila wiki sita. Hakuna askari aliyelipwa mshahara kwa hilo, wala umeme. Vile vile bado mmoja kila wiki sita, kwa sababu baina ya tuta na tuta mguu unarudi kwenye mafuta.

Kwa haki, tuta halina mshindani. Gari ya waziri na gari ya mchanga zinaruka sawa sawa, na hakuna anayelipa faini. Lakini humwadhibu na asiye na kosa. Mama mjamzito anayechukuliwa kutoka Micheweni kwenda hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, anakivuka kisiwa kizima cha Pemba, na kila tuta analihesabu kwa mgongo wake. Gari ya wagonjwa nayo inapunguza kwenye kila moja. Kijiji kimoja kikiomba matuta mawili hakuna tatizo. Vijiji vyote vya njia hiyo vikiomba, mmeifunga.

Halafu kuna tuta na kuna rundo la lami. Umbo linalofahamika kwa wahandisi lina urefu wa mita 3.7 kwa upande wa mwendo na kimo cha sentimita 10 au pungufu. Gari inapanda na kushuka pole pole. Lile la vijana wa kijiji, fupi na limesimama kama kizingiti, halina kibao wala rangi, na usiku humwangusha mwenye Vespa aliyekuwa akienda mwendo halali kabisa.

Kipi wapi

Mlango wa skuli na soko la samaki: tuta la umbo sahihi, mawili, na kibao kabla yake. Hapo sibishani na mtu. Watoto hawawezi kusubiri kura ya trafiki iwaangukie.

Njia ndefu iliyonyooka yenye nyumba hapa na pale, kama Mahonda kwenda Kinyasini au baina ya Tunguu na Jozani: tochi ya leza, inayoonekana, kwa kura.

Njia wanayopita wagonjwa: tochi tena, matuta yasizidi pale penye skuli. Pemba kuna ugumu wake. Njia zina miteremko na kona nyingi, na leza inataka kuona mbele, kwa hiyo askari anavutwa kukaa chini ya mteremko, mahali ambapo gari yoyote huongeza mwendo bila dereva kukusudia. Ikiwa chini ya mteremko pana kituo au kivuko, akae, ndipo penyewe. Ikiwa hapana kitu isipokuwa mikarafuu, hana alichokifuata.

Mkishachagua, jueni barua inakwenda wapi. Polisi ni jambo la Muungano. Njia na usafiri wa barabarani ni mambo ya Zanzibar yenyewe. Anayetaka tochi anabisha mlango wa polisi, na anayetaka tuta au kibao anabisha wa serikali ya Zanzibar, kwenye wizara inayosimamia njia. Kijiji kinachoandika barua moja kwa milango yote miwili kitaambiwa kwingine ndiko. Katika ya polisi tajeni saa na siku, na mseme kama ukingo wa kusimamisha gari upo. Katika ya wizara tajeni umbo la tuta na kibao, na muulize nani atakayelipaka rangi upya, kwa sababu rangi huondoka na mvua.